Nilivyomchagulia Mke Wangu Chuma

Mimi niliacha shule darasa la nne na sijawahi kulia kwa sababu hiyo. Nilikuja Kisumu kubeba vyuma kuukuu mgongoni, nikajifunza kukata, nikajifunza kuchomelea, na leo karakana yangu inatoa mageti, madirisha na zile karai kubwa ambazo akina mama wa ufuoni hukaangia samaki. Ukienda Kombewa kwa barabara utayaona mageti yangu yamesimama wima, hata pale ambapo ukuta umeanza kuinama. Sisemi haya kwa kujisifu tu, ingawa najisifu. Nasema kwa sababu kosa ninalotaka kuliandika ni kosa la mtu anayejua vyuma. Mtu asiyejua angenyamaza, na kunyamaza kungemsaidia mke wangu.

Mke wangu alikuwa ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni na kuiuza sokoni tangu tuoane. Alipogunduliwa kuwa na saratani katika titi la kushoto, alilia siku moja, kisha akauliza dawa inaanza lini. Dawa yenyewe ni ile wanayoiita kemo. Inaingia kwa mshipa, kidogo kidogo, saa nyingi, na ni kali. Ikimwagika nje ya mshipa inachoma nyama. Baada ya mara tatu mishipa ya mkono wake ilikuwa imejificha. Sister anapiga mkono makofi, anafunga mpira, anadunga, anakosa, anadunga tena. Mke wangu anaangalia dirishani. Siku moja walimdunga mara sita, na ya sita ndiyo iliyokubali.

Ndipo daktari akatuita ofisini. Daktari wetu ni mwanamke kijana, umri wa kitindamimba wetu. Akasema, "Mzee, Mama, tutaweka poti."

Poti ni kikopo kidogo, upana wake kama kifuniko cha chupa ya soda. Wanakifukia chini ya ngozi, kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Juu kina mpira mgumu, na sindano inapita kwenye ngozi na kwenye huo mpira, inakomea ndani ya kikopo. Kutoka kwenye kikopo kuna mrija mwembamba unaoingia mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Huko damu ni nyingi, dawa haichomi. Kudungwa ni mara moja, hakuna kutafuta mshipa. Nilielewa haraka. Hiyo ni kazi ya mabomba, na mabomba nayajua.

Akaweka viwili mezani. Kimoja cha chuma, rangi ya kijivu, akakiita titaniamu. Kingine cha plastiki, cheupe, kidogo zaidi. Kando yake akaweka vipande viwili vya mrija, kimoja laini, kingine kigumu.

Mimi hutembea na sumaku kwenye funguo zangu. Ni desturi ya kazi yetu. Ukiuziwa chuma wakakwambia hakishiki kutu, unaweka sumaku, na kama inang'ang'ania unajua wamekudanganya. Nikaitoa sumaku yangu pale mezani nikaiweka juu ya kile cha kijivu. Haikushika.

"Hii ni mali safi," nikasema.

Daktari akacheka. "Mzee, hata cha plastiki hakishiki sumaku."

Mke wangu naye akacheka, na mimi sikupenda. Nadhani mambo yote yaliharibikia hapo, kwenye kicheko kile. Nilikuwa mzee mwenye karakana, ninachekwa na mtoto mwenye koti jeupe, na nikaamua sitoki humo ndani bila kushinda kitu.

Daktari akaeleza polepole. Vyote viwili vinafanya kazi. Cha chuma ni imara, sindano haikikwaruzi ndani hata ikiingia mara nyingi. Lakini ni kizito kuliko cha plastiki, na mtu akipigwa picha ya mashine chuma kinatoa miale kwenye picha, kinaficha vitu vilivyo karibu. Cha plastiki ni chepesi na hakiharibu picha. "Na Mama amepungua," akasema. "Hapa kifuani hana nyama ya kukifunika. Mimi ningependelea hiki kidogo."

Mke wangu alikuwa tayari amekichukua kile cheupe. Alikiweka juu ya gauni lake, mahali pale pale daktari alipoonyesha, akakishika kwa vidole viwili. "Hiki hata sikisikii," akasema.

"Plastiki ni ya beseni," nikasema mimi.

"Mzee..."

"Daktari, mimi nimefanya kazi ya vyuma tangu hujazaliwa. Plastiki ikikaa juani mwaka mmoja inapasuka. Huwezi kumwekea mke wangu kitu cha kupasuka karibu na moyo."

"Ndani ya mwili hakuna jua, Mzee."

"Na hicho cha chuma, kuna kikubwa zaidi?"

"Kipo. Kikubwa sister hukipata haraka kwa sindano. Kwa mtu mwenye mwili ni kizuri."

"Basi hicho. Na mrija uwe ule mgumu."

Kuhusu mrija, daktari hakunipinga. Alisema ule laini, wa silikoni, ni mpole kwa mshipa, lakini unaweza kubanwa kati ya mtulinga na ubavu mpaka ukapasuka. Ule mgumu unavumilia zaidi, unapitisha dawa haraka, na ukipata joto la mwili unalegea wenyewe. Kwa hiyo kwenye mrija nilikuwa sawa, na ule mrija haukuleta shida hata siku moja. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Daktari akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe unasemaje?"

"Mama na mimi tunasema kitu kimoja," nikajibu.

Mke wangu akakirudisha kile cheupe mezani. Alikiweka polepole, kama mtu anayerudisha yai la jirani. Daktari alimwangalia muda, kisha akaandika. Alipomaliza akasema, "Sawa. Kitafanya kazi. Lakini hiyo ngozi mtailinda. Kisiguswe ovyo." Alisema akinitazama mimi.

Wakakiweka, upande wa kulia, na kwa kweli kilifanya kazi. Wiki mbili baadaye sister alidunga mara moja tu, dawa ikaingia, na mke wangu akalala kwenye kiti kile cha hospitali kama mtu aliye nyumbani kwake. Nilitoka nje nikapiga simu kwa kila mtu. Nikawaambia nimemwekea mke wangu titaniamu. Nilisema *nimemwekea*, kama vile ni mimi niliyeshika kisu.

Kwetu mgonjwa hakai peke yake. Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja na vitambaa vyao vya kichwani, wanaleta sukari, sabuni na majani chai, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Mafundi wenzangu wanakuja Jumapili mchana. Ndugu kutoka Bondo wanakuja siku yoyote wanayotaka. Na mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti changu pale sebuleni nikingoja maombi yaishe, halafu naanza.

"Mama, hebu waonyeshe."

Mara ya kwanza alicheka akashusha kola ya gauni. Kile kikopo kilikuwa kimesimama chini ya ngozi kama nati iliyofunikwa na karatasi. Fundi mmoja, rafiki yangu tangu tukiwa vijana, akainama.

"Yaye! Hiki kitu kiko ndani kabisa?"

"Gusa," nikamwambia. "Bonyeza, usiogope. Si plastiki hiyo."

Akabonyeza. Akagonga kwa ukucha. "Omera, ndugu yangu, wewe umemfanya mama awe geti!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mke wangu alicheka pia. Nimejaribu sana kukumbuka kama alicheka kweli.

Baada ya hapo ikawa ni kama sehemu ya maombi. Kila kundi lililokuja lilitaka kuona, na asiyetaka nilimlazimisha mimi. Wengine walibonyeza kwa kidole kimoja kwa heshima. Wengine walikisukuma huku na huku waone kama kinatembea. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama kinaweza kuita radi. Mke wangu akaanza kufunga vifungo mpaka shingoni, hata siku za joto. Siku moja aliniambia mbele ya wageni, kwa sauti ya chini, "Mzee, leo nimechoka."

"Ni dakika moja tu," nikasema.

Akafungua kifungo.

Mchana akiwa amelala alikuwa anaweka kitambaa kilichokunjwa chini ya kamba ya sidiria, upande ule. Alisema kile kikopo kinamvuta. Nikamwambia atazoea, hata geti jipya hulia kwenye bawaba wiki za kwanza. Alipopelekwa kupigwa picha ya kifua, ilibidi warudie, kwa sababu chuma kilitoa miale, kama daktari alivyosema. Mke wangu alilala kwenye ile mashine mara mbili. Mimi nilikuwa nje nasema na simu.

Siku ya dawa iliyofuata nilikuwa ndani, nimesimama karibu na pazia, sister alipomfungua kifua. Sister hakudunga. Aliweka sindano chini.

Ngozi juu ya chuma ilikuwa imekuwa nyembamba, inang'aa, rangi ya zambarau. Na pembeni, pale ukingo wa kikopo unapogeuka, palikuwa na tundu. Dogo, kama la msumari wa bati. Ndani ya tundu niliona kijivu.

"Nani amekuwa akigusa hapa?" sister akauliza.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na majibu mengi, ningeweza kuwataja mmoja mmoja, kuanzia mimi.

"Ni mimi, sister," mke wangu akasema. "Palikuwa panawasha. Nilikuwa najikuna."

"Mama! Si tulikwambia usiguse?"

"Mnisamehe."

Sister akamgombeza. Si sana, lakini alimgombeza, mwanamke wa umri wa mama yake, amelala pale kifua wazi. Na mimi, ambaye siogopi afisa wa kaunti wala mteja mlevi, nilisimama nikiangalia pazia. Pazia lilikuwa na maua ya bluu. Niliyasoma yale maua yote.

Daktari alikuja akaangalia, akasema kikopo kinatoka siku hiyo hiyo, kabla uchafu haujaufuata mrija mpaka kwenye damu. Dawa itasimama mpaka kidonda kipone. Nikamuuliza kosa ni la nini, la chuma? Nilitaka aseme ni la chuma.

"Chuma hakina kosa," akasema. "Kuna watu wanakaa nacho miaka. Lakini ngozi nyembamba, ukiweka chini yake kitu kipana na kizito, halafu kinabonyezwa kwa juu, pale katikati damu haipiti vizuri. Ngozi inakufa."

Basi nikaelewa, na ndicho kinachoniuma zaidi. Kwa sababu hilo nilikuwa nalijua. Mwaka uleule alikuja mteja kutoka Maseno, mwalimu, amenunua komeo kubwa la chuma kizito anataka nimfungie kwenye mlango wa bati jembamba. Nilimkatalia. Nilimwambia, bwana, komeo lako ni zuri, lakini hilo bati haliwezi kulibeba, litachanika kwenye skrubu na utabaki na komeo mkononi na tundu mlangoni. Weka komeo dogo. Mwalimu alinibishia na mimi nikamcheka, nikawaambia mafundi, ona msomi huyu. Nikampa somo bure. Halafu nikaenda hospitali na mke wangu mwenyewe, nikamtazama kifua kilichobaki mifupa, nikaagiza komeo kubwa.

Nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini ulisema ulijikuna?"

Alikuwa anavua viatu. "Ulitaka niseme nini mbele ya watoto wa watu? Kwamba mzee wangu ananifungua kifua kanisa linibonyeze?"

Akasukuma viatu chini ya kiti.

"Na wewe si ulikuwa pale? Mdomo wako ulikuwa wapi? Siku zote unao."

Wiki zilizofuata ndizo nisizotaka kuzikumbuka. Saratani haingoji kidonda kipone. Hilo tulilijua wote wawili na hakuna aliyelitamka. Kila asubuhi alijishika titi lile la kushoto kwa vidole, akitafuta kama uvimbe umeongezeka, na akiniona mlangoni alishusha mkono. Daktari aliona hawezi kungoja zaidi, akasema dawa moja iingie kwa mkono, wajaribu. Wakamwekea mikono kwenye maji ya moto ili mishipa iamke. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Masister wawili walitafuta. Walipokosa mara ya nne mke wangu alisema, "Endeleeni tu," na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea gizani akitafuta ukuta kwa mikono. Nilishika lile beseni mpaka vidole vikafa ganzi. Walipata mshipa kwenye kifundo cha mkono, mwembamba kama uzi.

Siku hiyo, dawa ikiwa inaingia, nilienda ofisini kwa daktari peke yangu. Sikukaa.

"Daktari, mama hakujikuna. Ni mimi. Nilikuwa nawaambia watu wambonyeze."

Aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. "Najua, Mzee."

"Mama alikwambia?"

"Mama hajasema kitu. Wewe ndiye uliyekuja hapa na sumaku."

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikupata. Aliniuliza kama nina swali, nikasema sina, akasema basi nimwache afanye kazi. Nilistahili.

Kidonda kilipofunga tuliitwa tena. Meza ilikuwa ile ile, na vikopo vilikuwa pale. Daktari alianza kueleza upya na mimi nikajikuta nimefungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, labda nilitaka kukubali tu. Mke wangu akanyoosha kiganja mbele yangu bila kunitazama. Nikafunga mdomo. Akachukua kile cheupe kidogo. "Hiki," akasema. Akauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuuliza: akibeba beseni la omena kichwani itakuwaje, akilala upande, akioga ziwani, mjukuu akimrukia. Daktari alimjibu yote. Kumbe wanawake hawa wawili walikuwa na mazungumzo marefu ambayo mimi niliyaziba mara ya kwanza. Kuhusu mrija, daktari alisema atarudia ule mgumu, ulikuwa umefanya kazi vizuri. Hapo nilitaka kutabasamu. Nikajizuia.

Akina mama wa kanisa walikuja Jumamosi baada ya operesheni. Waliimba, waliomba, wakanywa chai. Kisha mkubwa wao, mwenye sauti nene, akanigeukia. "Haya Mzee, tuonyeshe hicho kipya. Hiki ni dhahabu sasa?"

Mke wangu alikuwa amekaa na kikombe. Hakuniokoa safari hii.

Nikawaambia. Niliwaambia kile cha kwanza kilitoka kwa sababu yangu, kwamba nilichagua kikubwa kwa kiburi, halafu nikakifanya maonyesho mpaka ngozi ikatoboka, na dawa ikasimama. Nilisema kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kijaluo ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

"Na sisi tulibonyeza," akasema mmoja wao.

"Mlibonyeza kwa sababu niliwaambia."

Yule mkubwa akavuta pumzi. "Mzee, ulikuwa unatufanya tubonyeze mwanamke mgonjwa kama kengele ya mlango. Na mimi mjinga nikabonyeza mara mbili." Wengine wakacheka kidogo, cheko la aibu. Mke wangu hakucheka. Alimwomba mmoja amwongezee chai.

Siku hizi namsindikiza hospitali kila siku ya dawa. Nabeba mfuko wake na chupa ya uji. Tunafika mlangoni mwa chumba cha dawa, anachukua mfuko mkononi mwangu, anasema, "Wewe kaa hapo nje." Hasemi kwa hasira. Nyumbani anabadilisha nguo akiwa amefunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya ndoa yetu. Nilimwomba mara moja tu nikione, nione kama ngozi iko sawa. Alisema, "Sister anaangalia."

Kwa hiyo sijakiona. Sijui kimekaa vipi wala kovu lake likoje. Juzi nilikuwa kwenye benchi pale nje, sister akatoka na trei, nikamuuliza kama mama yuko sawa. Akasema amedungwa mara moja, dawa inaingia vizuri, amelala.

Nikasema asante, nikabaki nimekaa pale pale nje.